Kabla Hujatupa Kipande cha Zamani

Tafuta boksi kabla hujatafuta spana. Liwe kavu, liwe na mfuniko, na pembeni yake weka bahasha za kaki na kalamu ya wino mzito. Kila kinachotoka kwenye gari kiingie humo na jina lake: klipu za mlango wa kushoto, raba ya kioo cha nyuma, skrubu za nembo. Klipu iliyoliwa na kutu ikabaki nusu, iweke. Ukanda uliopinda hadi haufai, uweke pia. Kazi yote nitakayokueleza hapa inalitegemea boksi hilo.

Nasema kwa uchungu wa aliyekosea. Nilirithi kwa marehemu baba Volkswagen Beetle ya mwaka 1966, ile ya injini ya 1300, rangi ya bluu, iliyokaa Tanga miaka mingi ikipigwa na upepo wa chumvi. Nilipoamua kuirudishia sura yake niliipeleka kwanza kwa fundi bodi. Zile kanda za kung'aa za ubavuni zilikuwa zimechoka, zikang'olewa na kuishia kwenye vyuma chakavu. Fundi akaniuliza, "Kaka, haya matundu tuyazibe? Yanaingiza maji." Nikamwambia ayazibe, kwani kanda mpya nilishaziagiza na niliamini matundu ni kazi ndogo. Zilipofika, gari lilikuwa limeshapigwa rangi, laini kama yai, hakuna hata alama ya kuonyesha ukanda ulikaa wapi. Nikatoboa kwa kukadiria. Ukanda wa mlango ukakaa milimita nne juu ya ule wa ubavu wa nyuma. Milimita nne ni kitu kidogo mkononi, lakini kwenye gari ambalo uzuri wake wote uko katika mstari mmoja mrefu, zinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Rangi ya upande mzima ilibidi irudiwe.

Kwa hiyo nitakuongoza kwa gari hilo ninalolijua. Ukiwa na Peugeot 404, Land Rover ya zamani au Datsun, majina ya vipande yatabadilika, ila mwenendo wa kazi utafanana.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Spea ya kuiga si spea feki. Feki ni ile inayojidai kuwa orijino. Ya kuiga hutengenezwa waziwazi, kwa kufuata umbo la kipande ambacho kiwanda kimeacha kukitoa. Mwenye Beetle ana bahati kuliko wenye magari mengi ya rika lake, kwa sababu gari hili liliendelea kuundwa muda mrefu baada ya Wajerumani kuliacha. Brazili waliliunda hadi 1986, wakalirudia tena kati ya 1993 na 1996, na la mwisho kabisa lilitoka kiwanda cha Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, idadi ikiwa imeshavuka milioni 21. Gari lililozagaa hivyo, na huku kwetu likashinda hata mbio za Safari za mwaka 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad, haliwezi kukosa watengeneza spea.

Tatizo ni kwamba watengenezaji hao hupenda kipande kimoja kiuzwe kwa magari mengi. Ukisoma kwenye pakiti kwamba kinafaa modeli za miaka ishirini, elewa kuwa huenda hakuna hata mwaka mmoja kinaoufaa sawasawa. Kimefika kwako kikiwa hakijamalizika, na atakayekimaliza ni wewe, kwa tupa, msasa na subira. Na kipimo cha kukimalizia ni kile kipande cha zamani kilichomo ndani ya boksi.

Jua gari lako ni la lini

Usiagize kwa kutaja mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Hapo mara nyingi ni mwaka lilipoandikishwa. Inua kiti cha nyuma, utaona namba ya chesi imegongwa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Ipo tena kwenye kibati kule mbele, nyuma ya tairi la akiba. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu ndiyo inayobeba mwaka wa modeli. La baba linaanza na 116, nalo ni la 1966. Kumbuka pia kwamba mwaka wa modeli wa Volkswagen ulianza Agosti. Gari lililotoka kiwandani Septemba 1967 ni modeli ya 1968, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Maana tofauti ni kubwa. Vioo vilipanuliwa kwa modeli ya 1965, kwa hiyo raba ya kioo ya gari la 1964 haitakaa kwenye gari la 1966 hata uisukume mpaka jioni. Kanda za ubavuni zilikuwa pana hadi modeli ya 1966, kisha zikawa nyembamba, na matundu yake yakabadilika vilevile. Kwa 1968, magari ya 1300 na 1500 yalipata boneti fupi zaidi, taa zilizosimama wima na bampa nene iliyopandishwa juu. Gari la 1967 limekaa katikati ya mabadiliko hayo: ukanda wake wa boneti ni mwembamba kama wa baadaye na mrefu kama wa awali, hivyo usikubali muuzaji akupe mwingine kwa kukuambia "ni ileile tu."

Namba ya spea nayo itakusaidia. Kundi la kwanza la tarakimu tatu linaonyesha gari ambalo kipande kiliundiwa, na la pili linaonyesha aina ya kipande: 853 ni mapambo ya bodi na nembo, 845 ni vioo na raba zake. Ukikuta kundi la kwanza ni 211, hicho ni cha basi dogo, kirudishe mezani. Volkswagen yenyewe ina kitengo chake cha spea za magari ya zamani, Volkswagen Classic Parts, na hata kama hununui kwao, ni vizuri kulinganisha namba kabla ya kumlipa yeyote.

Ukiagiza kanda kutoka nje, mwombe muuzaji azifunge ndani ya bomba la plastiki, lile la maji, zikiwa zimezungushiwa kitambaa. Zikija kwenye boksi la karatasi, zitafika zimepinda, na ukanda wa alumini uliopata mkunjo haurudi tena kuwa laini, utabaki na kovu linaloonekana jua likiupiga.

Zikifika, zijaribu kwa sumaku. Za gari hili zilikuwa za alumini. Sumaku ikinata kwa nguvu, umeuziwa bati lililopakwa mng'ao, na ukiishi Tanga, Mombasa au Unguja litaanza kutoa kutu mapema sana. Raba nayo ikunje kwa nguvu kati ya vidole. Ikibaki na mkunjo au ikionyesha nyufa nyembamba, irudishe siku hiyohiyo.

Jaribu kabla ya rangi

Nikipewa nafasi ya kukuachia jambo moja tu, ni hili: kila kipande kivae gari kabla ya rangi ya mwisho. Bodi ikiwa imeshanyooshwa na kupigwa praima, funga milango, funga boneti, kaza madigadi, kisha valisha kanda zote, bampa, nembo na taa. Utaona gari la ajabu, la kijivu lenye mapambo, na majirani watakucheka. Waache. Tundu lililokosewa kwenye praima unaliziba kwa dakika chache. Likikosewa juu ya rangi, utarudi kwa mpiga rangi na mkono mfukoni.

Milango itangulie. Mlango wa gari la zamani huning'inia, kwa sababu bawaba zimelika. Ukipanga kanda huku mlango umeshuka, utapanga upya siku utakaporekebisha bawaba. Hakikisha nafasi kati ya mlango na bodi ni sawa juu na chini, ndipo ufikirie mapambo.

Matundu yako yakiwepo bado, mshukuru Mungu na uyalinde. Kabla ya fundi kugusa bodi, bandika karatasi ngumu juu ya kila ubavu, toboa karatasi pale penye matundu kwa ncha ya penseli, na uandike upande na ukingo wa mlango ulipo. Karatasi hizo ziingie kwenye boksi. Nilitamani sana kuwa nazo.

Matundu yasipokuwepo, nyoosha uzi kutoka mwanzo wa ubavu wa mbele hadi mwisho wa ubavu wa nyuma, ukifuata mkunjo wa bodi, ubandike utepe wa karatasi chini yake, kisha simama mbali, hatua kumi hivi, utazame. Bodi ya Beetle imejipinda kila mahali, hivyo rula ikikuambia sawa na jicho likakataa, fuata jicho. Pata kanda za gari jingine la mwaka uleule uzipime, ikiwezekana. Wenye magari haya hufurahi wakiombwa. Ukishatoboa, paka kila ukingo wa tundu praima ya kuzuia kutu kwa brashi ndogo, kwani pale ndipo ugonjwa huanzia.

Kuzivalisha kanda

Ingiza klipu zote kwenye mfereji wa ukanda kwanza, uzisogeze kwa kidole hadi kila moja ielekeane na tundu lake. Kila tundu liwe na kile kifuniko kidogo cha plastiki au raba. Wengi hukiruka kwa kuona ni kidude tu, lakini kazi zake ni mbili: kinazuia maji yasiingie mlangoni, na kinatenganisha klipu ya chuma, alumini ya ukanda na bati la bodi. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye unyevu wa chumvi, moja huila nyingine. Ndiyo maana magari mengi ya pwani yametoboka kwenye mstari wa kanda na mahali pengine pako salama. Mimi huongeza nta ya kuzuia kutu nyuma ya kila klipu. Grisi ya kawaida itayeyuka kwa jua ichuruzike juu ya rangi.

Sukuma kwa kiganja, kitambaa laini kikiwa kati, ukianzia mwisho mmoja na kwenda mwingine, klipu moja baada ya nyingine. Usipige kwa nyundo, hata ya raba. Ukanda wa kuiga mara nyingi huwa mwembamba kuliko wa kiwandani, na pigo moja huacha bonde. Klipu ikikataa kuingia, toa ukanda, tazama tundu. Ama lina rangi iliyoganda, ama klipu ni pana mno. Kwangua rangi, au bana klipu kidogo kwa koleo. Kulipanua tundu ni hatua ya mwisho kabisa, maana tundu pana halitashika klipu yoyote baadaye.

Ukanda ukiwa na mkunjo usiolingana na wa bodi, na za kuiga huwa hivyo, usitegemee klipu ziuvute. Zitauvuta leo, kisha zitaachia barabarani. Upinde kwa mikono taratibu juu ya paja, kidogo kidogo, ukiulinganisha kila mara na ule wa zamani. Mwisho wa ukanda wa mlango usipite ukingo wa mlango. Fungua na ufunge polepole, ukitazama pale mbele karibu na bawaba, kwa sababu hapo ndipo ncha hugonga bodi na kukwangua rangi mpya. Ukiwa mrefu, punguza kwa tupa laini, kisha ng'arisha ncha kwa msasa wa maji.

Nembo na mkono wa boneti havina shida kubwa. Angalia tu visahani vyake vya raba viwepo, na nati za ndani ukaze kwa vidole na robo mzunguko wa spana, basi. Vijiti vya nembo za kuiga hukatika kirahisi.

Kioo cha mbele na raba yake

Hii ni kazi ya watu wawili, na asubuhi. Raba iliyoachwa juani nusu saa huwa laini na yenye utii.

Hakikisha kwanza umenunua raba yenye mfereji wa ukanda. Zipo za aina mbili, na ile isiyo na mfereji haikubali pambo kwa namna yoyote. Safisha ukingo wa bati ambapo kioo hukaa, futa kutu yote, upake rangi na uiache ikauke kabisa. Vaa raba kwenye kioo kikiwa mezani juu ya blanketi. Kisha ingiza kanda za alumini kwenye mfereji wake hapohapo mezani, kabla kioo hakijaenda kwenye gari, kwa maji ya sabuni na kijiti cha mbao chenye ncha butu. Ukiacha kanda hadi baada ya kioo kukaa, utateseka na pengine utazikunja.

Sasa chukua kamba laini ya nailoni, ilaze ndani ya mfereji wa raba utakaoshika bati, izungushe kioo chote, ncha mbili zipishane katikati upande wa chini. Paka maji ya sabuni kwa wingi. Mmoja akae nje akisukuma kwa viganja, mwingine akae ndani akivuta kamba polepole kuelekea kwake. Kamba inapotoka huunyanyua mdomo wa raba na kuuweka juu ya bati. Anzeni chini, pandeni pembeni pande zote mbili kwa pamoja, malizieni juu. Anayesukuma afuate pale kamba ilipo, asikimbilie kona.

Kioo cha kwanza cha baba kilipasuka mikononi mwetu kwa sababu tuliacha kona moja kavu. Kilisikika kama kuni inayoatuka, halafu kimya. Tangu siku hiyo ndoo ya maji ya sabuni haikauki nikifanya kazi hii.

Maji yakipenya baadaye, usikimbilie silikoni, hasa ile inayonuka siki. Tindikali yake huanzisha kutu palepale inapojidai kuziba. Tumia gundi laini ya vioo vya magari, ile isiyokauka, chini ya mdomo wa raba.

Milango, madigadi, bampa

Raba za milango za kuiga huwa nene, na Beetle tangu zamani ni gari lililobana hewa kiasi kwamba wenyewe walizoea kushusha kioo kidogo ili mlango ufunge. Ukiweka raba mpya mlango utagoma. Usiubamize. Uache umefungwa usiku kucha kwa wiki moja, raba itajikandamiza. Ikishindikana, sogeza kipokeleo cha kitasa kwa milimita moja. Ukikata raba, acha sentimita moja zaidi na uisukume ijibane. Ukiikata kamili itasinyaa, nawe utaona pengo. Maungio yawe chini, ambako macho hayafiki.

Ule mpira mwembamba kati ya madigadi na bodi huwekwa baada ya rangi, bolti za spana namba 13 zikiwa zimelegea zote. Upachike kutoka juu, uunyooshe, kisha kaza kwa zamu, kidogo kidogo, ukirudi mwanzo kila mara. Ukikaza bolti moja hadi mwisho peke yake, mpira utajikunja upande wa pili.

Vibao vya kukanyagia vilivyo chini ya milango ni mahali ninapokushauri utumie fedha zaidi. Vya kiwandani vilikuwa na bati zito, na raba ilishikamana nalo kabisa. Vya bei rahisi hunepa ukiweka mguu. Kabla ya kuvifunga, vigeuze, uvipake rangi ya kuzuia kutu upande wa chini mara mbili, na usisahau raba ndogo kati ya kibao na madigadi, vinginevyo barabara ya vumbi itavipigisha kelele safari nzima.

Bampa za kuiga zina dosari moja inayojulikana: matundu yake hayalingani na mikono ya chuma inayozishika. Hapo fundi mwenye haraka atachukua drili aipanue bampa. Mzuie. Ukitoboa kromu umefungulia kutu mlango, nayo itatambaa chini ya mng'ao hadi ubanduke. Tanua tundu la mkono wa chuma, ambao hauonekani na unapakika rangi. Fungeni bolti zote kwa vidole, pimeni kutoka ncha za bampa hadi madigadi kushoto na kulia, zikilingana ndipo mkaze. Ndani ya bampa, upande usio na mng'ao wa kutosha, paka rangi na nta.

Yote yakikamilika, mpe mtu mpira wa maji amwagie gari kwa dakika kumi, wewe ukiwa umekaa ndani na tochi. Tazama kona za chini za kioo, chini ya dashbodi, kisha sakafu. Endesha wiki mbili kwenye barabara yako ya kila siku, halafu rudia kukaza bolti za bampa, za vibao na za madigadi, kwa sababu raba mpya ikishajikandamiza huacha bolti zikiwa zimelegea. Boksi la vipande vya zamani liweke juu ya kabati, bahasha zikiwa na majina yake. La kwangu sasa lina karatasi mbili za ubavu, kushoto na kulia, na tayari vijana wawili wa Tanga wamekuja kuziazima.